Boti ndogo ya jeti kwa uvuvi na matembezi ya familia hapa Mtwara: ninunue au nitulie?

#1 KoroshoBahari

Wakuu, habari za jioni.

Nipo Mtwara mjini, Shangani, mwaka wa nne tangu nihamishwe kikazi. Bahari naiona kila siku nikiwa barazani, lakini mpaka leo nikitaka kuvua naomba lifti kwa jirani. Msimu huu korosho za shamba la mzee zimeniinua kidogo. Nina milioni 45 na nataka chombo changu mwenyewe.

Matumizi ni mawili. Jumamosi alfajiri nikatupe mshipi: changu, chewa, nikibahatika kolekole au nguru. Jumapili nimpakie mama watoto na watoto watatu (mkubwa miaka 11, mdogo 4) tuvuke Msangamkuu, au twende Mikindani, siku moja moja tufike hadi Msimbati tukaogelee.

Kuna boti nimetumiwa picha. Ni mtumba uliopo Dubai, futi 19, viti vya ngozi, redio, injini iko ndani na nyuma hakuna propela. Inaendeshwa kwa jeti, yaani inavuta maji chini na kuyatupa nyuma. Nilipomwambia mke wangu nataka jeti akaniuliza kama nimeshinda mkeka.

Iliyonivutia kwanza ni usalama: hakuna panga linalozunguka karibu na miguu ya watoto. Halafu naambiwa inapita kwenye maji mafupi sana, na sisi hapa maji yakipwa unatembea robo saa kabla magoti hayajalowa. Mbio nazo sitaki kudanganya, nazipenda.

Mwenye uzoefu wa jeti kwenye maji ya chumvi ya huku kwetu aseme. Naomba kuwasilisha.

#2 MtuWaBara

Mkuu kwa milioni 45 si ununue Noah mbili ziwe zinakuletea hesabu, samaki ukanunue Feri?

#3 KoroshoBahari

Samaki wa Feri nanunua kila siku. Nataka wa kwangu.

#4 Nahodha_Mstaafu

Mwanangu, boti kwenye picha zote ni nzuri. Nikuulize mawili tu. Ukirudi jioni utailaza wapi? Na asubuhi itaingiaje majini?

#5 KoroshoBahari

Shikamoo mzee. Nilifikiria niifunge kwenye boya hapa mbele ya nyumba, kama wenzangu wanavyofunga mashua zao. Trela sina, na gari langu ni dogo. Maji yakijaa naifuata kwa kuogelea au kwa mtumbwi, yakipwa inakaa juu ya mchanga. Si ndiyo faida ya jeti, kwamba haina kitu cha kuvunjika chini?

#6 Nahodha_Mstaafu

Marahaba. Hapo kwenye "inakaa juu ya mchanga" ndipo nilipotaka ufike. Fundi aje amalizie.

#7 FundiWaPwani

Nimekuja mzee.

Pampu za jeti nimefungua nyingi, zaidi zile za pikipiki za majini, za boti chache. Nieleze kitu chenyewe kinavyofanya kazi, baada ya hapo kila mtu atajijibu.

Jeti ni pampu. Chini ya boti, karibu na tezi, yaani nyuma, kuna mdomo wenye chujio la vyuma. Injini inazungusha impela iliyo ndani ya bomba, impela inavuta maji kupitia mdomo ule na kuyarusha nyuma kwa nozeli iliyobanwa. Ule mrusho ndio unaokusukuma. Kukata kona ni nozeli kugeuzwa kushoto au kulia. Kurudi nyuma kuna kitu mfano wa ndoo kinashuka, kinayaziba maji na kuyaelekeza mbele. Basi. Hakuna usukani mwingine chini. Maana yake ukiachia mafuta ghafla kwa woga, boti inaendelea kwenda mbele na haigeuki. Mgeni wa jeti akiona gati linamjia anaachia mafuta, kumbe ndiyo kwanza ameutupa usukani.

Aliyeifanya ifae watu ni mfugaji wa New Zealand, Bill Hamilton, mwaka 1954. Alitaka kupanda mito ya kwao, mifupi ya kina, ya kokoto, ambayo propela ingesagika siku ya kwanza. Mwaka 1960 boti za namna hiyo ziliupanda mto Colorado kule Marekani, zikapita Grand Canyon zikiyapinga maporomoko. Kwa hiyo sifa ya maji mafupi si ya uongo, lakini isome vizuri. Boti ikiwa imeshainuka na inakimbia, inapita juu ya kina kidogo sana bila kuvuta kitu. Ikiwa inatambaa au imesimama, ule mdomo unafyonza kila kilicho chini yake. Vitabu vya Yamaha na Sea-Doo vyenyewe vinakuambia usiwashe injini kwenye kina cha chini ya sentimita 90. Hayo ni maji ya kiunoni kwa mtu mzima! Sasa hapo Shangani, bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu au mwandamo) likipwa, maji ya kiunoni unayafuata wapi?

Na huwezi kuanza safari ukiwa tayari unakimbia. Lazima uwashe, utambae, uinuke. Ukifanya hivyo juu ya mchanga, mchanga unaingia kwenye bomba na kula ringi inayoizunguka impela. Nafasi kati ya ncha ya impela na ringi haifiki milimita moja. Ikipanuka, maji yanavuja kurudi, injini inalia sana na boti inaburuzika. Mwenye boti analalamika injini imechoka kumbe injini nzima, pampu ndiyo imekwisha.

Kuhusu boya: propela ikiota magamba unaisugua ufukweni maji yakipwa, dakika kumi. Magamba yakiota ndani ya bomba la jeti brashi haifiki, lazima boti ipande juu na pampu ifunguliwe. Nyumba ya pampu kwa kawaida ni aluminiamu, na ndani kuna shafti ya chuma kisichoshika kutu. Metali mbili tofauti kwenye maji ya chumvi zinalana. Kuna kipande cha zinki kinachowekwa kiliwe badala yake, kikiisha hujabadilisha, inaliwa pampu. Ndiyo maana boti hizi zimetengenezewa maisha ya trela: unaishusha, unacheza, unaipandisha, unaisuuza kwa maji baridi siku hiyo hiyo.

Na kusuuza kwenyewe kuna mpangilio. Unawasha injini kwanza ndipo unafungulia bomba la maji. Ukimaliza unafunga maji kwanza ndipo unazima injini. Ukigeuza, maji yanaingilia njia ya moshi yanafika kwenye silinda. Nimeshamfungulia mtu injini ya namna hiyo. Alikuwa anaiosha kwa bidii kila Jumapili, na bidii yake ndiyo iliyomuulia injini.

#8 MtuWaBara

Kwa hiyo kuosha tu kunaua? Nabaki na Noah zangu.

#9 LindiKwetu

Mimi niliinunua. Nisimulie, mwenye macho asome.

Nipo Lindi mjini. Miaka michache nyuma nilipata boti ya jeti futi 18 kwa mtu aliyekuwa anahama nchi. Bei ya kuokota, na yeye mwenyewe aliniambia kila kitu ni sawa. Miezi miwili ya kwanza nilikuwa mfalme wa ghuba. Nikiondoka hapa kwenda Kitunda hata kiti hakijapata joto nimefika. Watoto wa mtaa walijua jina la boti kabla ya jina langu.

Sasa siku hiyo ilikuwa wakati wa mvua za masika, mto Lukuledi unaleta maji mekundu na kila takataka ya juu. Nilikuwa na mke wangu, shemeji yangu na watoto wawili, tunarudi. Katikati ya ghuba nikasikia injini inapanda sauti halafu mwendo umekufa. Nikajaribu rivasi, nikaongeza mafuta, kelele tu. Nikazima. Kumbe kiroba, vile vya mbolea, kimevutwa kwenye chujio, nusu kipo nje, nusu kimejisokota kwenye shafti.

Hapo ndipo utaelewa tofauti. Mashine ya kupachika nyuma ya boti unainyanyua, unaiona propela, unakata kwa kisu, unaendelea. Jeti mdomo wake upo chini ya tumbo la boti. Kuna boti zenye kifuniko cha kusafishia kutokea ndani, yangu haikuwa nacho. Ilibidi nivue shati nizame na kisu, mkondo unatuchukua kuelekea nje, upepo umeshaanza, shemeji anasoma kila dua aliyofundishwa madrasa. Nilikata vipande, kile cha kwenye shafti hakikutoka.

Tuliokolewa na ngalawa. Mzee mmoja na kijana wake, tanga la viraka, walitufunga kamba wakatuvuta pole pole hadi ufukweni, boti yenye viti vya ngozi nyuma ya ngalawa. Nilipotaka kumpa hela mzee akachukua ya petroli tu, akasema "Ingawa mimi situmii." Mpaka leo nikikutana naye sokoni anacheka kabla ya salamu.

Impela ilipinda. Spea ilikaa wiki saba njiani. Niliiuza.

Sikatishi mtu tamaa. Nasema tu kwamba huku kwetu baharini kuna viroba, nyavu zilizokatika, kamba za madema na nyasi bahari, vyote vinaelea, na jeti haivikwepi, inaviita.

#10 MamaPweza

Hamjambo wanangu. Mimi sijui injini, ila ufukwe naujua, nimechokoa pweza tangu nasoma darasa la pili.

KoroshoBahari umesema usalama wa watoto, vizuri. Lakini umesema hakuna panga kana kwamba hakuna hatari. Kwenye zile pikipiki za majini nimeona kwa macho yangu mtandio wa binti umevutwa chini, akaponea kwa sababu ulikuwa umefungwa ovyo. Kanga, mtandio, nywele ndefu zilizofumuliwa, kamba ya nguo ya kuogelea, vyote vinavutwa. Na kule nyuma maji yanapotokea mtoto asikae wala asishuke wakati injini inanguruma, yale maji yana nguvu ya kuumiza mwili vibaya.

La pili. Maji yakipwa sisi tupo kwenye miamba na mabwawa na vijiti vyetu, wengine wapo kwenye kamba za mwani. Wewe unapita mbio, wimbi lako linakuja kutung'olea vigingi. Ukinunua chombo chochote, jifunze kwanza mashamba ya mwani yapo wapi, tena kwa kuuliza watu, siyo kwa kuyapitia.

Na weka kivuli kwenye hiyo boti. Wanaume mnanunua spidi mnasahau turubai.

#11 KoroshoBahari

Shikamoo mama. Hilo la mtandio limenishtua, mke wangu amelisoma mara mbili. Turubai nimeandika.

#12 KusiKaskazi

Ngoja niwe upande wa pili maana naona mnamzika mgonjwa anapumua.

Nipo upande wa Kilwa, ninayo ya jeti mwaka wa tatu, futi 21, injini mbili. Haijanilaza baharini. Siri ni kwamba silali nayo majini. Inakaa kwenye trela chini ya kibanda, naishusha maji yakiwa yamejaa kwenye mteremko mgumu, sigusi mchanga. Nikifika ninapotaka kuogelea natia nanga kwenye kina cha mita mbili, nazima, natoa ufunguo, ndipo watoto wanashuka. Kule nyuma kuna jukwaa pana linalogusana na maji, hata mama yangu wa miaka sabini anapanda bila kuvutwa mikono. Hakuna boti ya mashine ya kupachika itakayokupa hilo jukwaa, kwa sababu pale ndipo mashine ilipo.

Mimi nimemuona kijana aliyepitiwa na propela mguuni. Wanaosema "panga linaonekana, utalikwepa" hawajaona. Kwa familia zinazoogelea, jeti iliyozimwa ni amani ya moyo.

Ila kwa uvuvi nakubali mapungufu. Kuburuza mshipi kwa mwendo mdogo boti inayumba, omo, yaani mbele, inakwenda kushoto, unairudisha, inakwenda kulia, kwa sababu chini hakuna kitu kinachoishika njia. Saa mbili hivyo mikono inachoka. Nikikaa juu ya mwamba na kutupa mshipi wa chini, hapo haina neno. Kamba ya nanga tu uiweke omo, isizunguke ikaja chini ya tezi, utaivuta.

Na feni. Injini ipo kwenye chumba kilichofungwa, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unalala chini. Kabla ya kuwasha washa feni dakika 4, fungua kifuniko, nusa. Asiyekuwa na subira ya dakika 4 asinunue.

#13 KoroshoBahari

Asante mkuu, wewe ndiye nilikuwa nakusubiri. Mafuta unakula kiasi gani?

#14 KusiKaskazi

Hilo swali nilitamani usilifikie.

#15 FundiWaPwani

Nimsaidie. Injini ya petroli ya viharusi vinne ikifunguliwa yote, weka theluthi ya lita kwa kila nguvu moja ya farasi kwa saa. Injini ya farasi 180 ni lita 60 kwa saa. Ukienda kwa mwendo wa kawaida nusu ya hapo, lita 30. Saa tatu za injini kwa siku ya matembezi ni lita 90.

Yamaha Enduro ya farasi 40, hii ambayo pwani nzima inaijua, ya viharusi viwili, ikifunguliwa yote inakaribia lita 20, mwendo wa kawaida 12 hivi. Saa tatu ni lita 36, pamoja na oili ya kuchanganya, lita moja kwa lita hamsini za petroli.

Piga kwa shilingi 3,000 kwa lita, rahisi kuhesabu: 270,000 dhidi ya 108,000 na oili juu. Bei ya siku hiyo angalia ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, ya Mtwara wanaitangaza peke yake. Haki itendeke pia: jeti itakufikisha mapema, kwa hiyo saa za injini zinaweza kupungua. Lakini ukishanunua boti ya mbio, nani anafika mapema akarudi nyumbani? Unaongeza mzunguko.

#16 MtuWaBara

270,000 kwa kwenda kuogelea. Nimekunywa maji.

#17 UfukweniTu

Samahani kuingilia. Nimeona mashine za kupachika ambazo chini badala ya propela zina pampu ya jeti. Si unachukua boti ya faiba ya kawaida unapachika hiyo? Unapata yote mawili.

#18 FundiWaPwani

Zipo. Unapoteza karibu asilimia 30 ya nguvu. Kichwa cha farasi 40 kinakupa kama 28, na boti yenye watu watano na tanki haitainuka, itabaki inalima maji, na ikiwa inalima ndipo inapofyonza. Mtoni nzuri. Hapa utajuta.

#19 Nahodha_Mstaafu

Nimewaacha mafundi waseme ya vyuma. Sasa niseme ya maji, maana chombo kinanunuliwa kufuata maji.

Mwanangu, kazi yako inakupa Jumamosi na Jumapili. Bahari haijui Jumapili. Bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji ya huku hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, yanapwa saa nne au tano mchana. Yaani saa ile watoto wamekwisha kunywa chai, wamevaa, wamebeba mipira, wewe mbele yako una mchanga mtupu, na tofauti ya kujaa na kupwa ni mita tatu na zaidi. Maji mafu ni kinyume: saa nne asubuhi yamejaa na hayendi mbali. Matembezi ya familia yapange siku za maji mafu, chombo chochote kitaelea. Alfajiri ya bamvua ni yako na mshipi wako, unatoka na maji yaliyojaa, lakini ujue hurudi mpaka alasiri, au unaliacha boti nje unatembea.

Halafu upepo. Kusi ikishika, kuanzia karibu Aprili hadi Septemba hivi, asubuhi bahari imetulia, adhuhuri imevimba. Ndani ya ghuba ya Mtwara na Mikindani umejificha. Ukitoka mlangoni na kuielekea Msimbati umevua koti. Kule chini panashuka haraka sana, kina kirefu kipo karibu na pwani, ndiyo maana samaki wakubwa wapo, na ndiyo maana mawimbi nayo ni ya bahari kuu. Boti ya futi 19 ya starehe, ubavu mfupi, viti vya ngozi, utalowa mpaka kwenye pochi. Mimi natazama ubavu na omo kabla ya injini. Omo iwe ndefu na imekatwa kama kisu chini, ubavu umfikie mtoto wa miaka minne kifuani akisimama. Hiyo ya Dubai mtoto wako ataegemea na goti.

Kaskazi, Desemba mpaka Machi, ndiyo miezi ya Msimbati. Na hata hapo sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliingilia Msumbiji, hapo ng'ambo tu, tukalala macho.

Na injini moja baharini ni injini nusu. Weka makasia mawili na nanga yenye kamba ndefu kuliko unavyodhani. Jaketi okozi za watoto ziwe za watoto, usimvishe wa miaka minne la mtu mzima, atatoka chini.

#20 LindiKwetu

Mzee umesahau ngalawa ya kukuvuta.

#21 Nahodha_Mstaafu

Hiyo haipangwi, inaombewa.

#22 BwanaLeseni

Fupi kuhusu karatasi maana hamjagusa. Chombo kinakaguliwa na kusajiliwa TASAC, shirika la uwakala wa meli, hata kama ni cha familia. Ukivua, nenda idara ya uvuvi ya halmashauri kwa leseni, na uongee na BMU, kikundi cha usimamizi wa ufukwe unaotumia, ndio wanaokujua siku ukipotea. Msimbati na Ruvula zipo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, tangu 2000. Kuna kiingilio na kuna maeneo huruhusiwi kutupa mshipi, ulizia kwanza ofisini kwao. Usiusogelee mpaka wa Msumbiji kwa kufuata nguru. Na mtumba kutoka nje, bei uliyotajiwa Dubai siyo bei, weka meli, ushuru na VAT asilimia 18 ndipo uite bei.

#23 KoroshoBahari

Wakuu nimerudi baada ya wiki mbili, mrejesho.

Nilimpigia muuzaji kwa video. Nikafanya alivyonielekeza FundiWaPwani pembeni: nikamwomba apige picha ya impela kutokea nyuma kwa tochi, na picha ya ringi pembeni yake. Akanitumia picha ya redio. Nikaomba tena. Akanitumia video ya viti. Mara ya tatu akatuma, impela ina ncha zimeliwa kama meno ya mbuzi mzee na ringi ina mifereji. Nikamuuliza saa za injini, akasema kioo kinachosoma saa "kilibadilishwa". Nikamshukuru.

Nikakaa na mke wangu tukapiga hesabu upya. Trela, gari la kuvuta, kibanda, vyote sina, na ndivyo vinavyoifanya jeti iwe na maana kama KusiKaskazi alivyosema. Kwa hela yangu nikivinunua hivyo, boti inabaki ya kuokota. Yeye ana mteremko mgumu, mimi nina mchanga na boya.

Kwa hiyo jeti nimeiweka pembeni. Sasa naangalia faiba ya futi 22, ubavu mrefu, farasi 40, pamoja na ile kinga ya duara inayozunguka propela. Fundi, inafaa?

#24 FundiWaPwani

Kinga inafaa kwa matembezi, inapunguza mwendo kidogo. Siku ya kuvua samaki ifungue kama unataka, boliti nne. Lakini kinga isikufanye ulegeze sheria: injini imezimwa, mashine imenyanyuliwa, ndipo mtoto anagusa maji. Kamba ya kuzimia injini ifunge mkononi, watu wengi wanaining'iniza kwenye mashine kama pambo. Beba pini, plagi na propela ya akiba. Vyote hivyo unavipata hapa hapa Mtwara, na mimi nipo.

#25 KusiKaskazi

Nimepoteza mteja wa kunifariji. Poa mkuu, siku ukipita Kilwa karibu, nikuendeshe jeti moja ya kuagia.

#26 KoroshoBahari

Nitakuja na petroli yangu.

Mzee Nahodha, faiba yenyewe ipo Mikindani, mwenyewe anataka niione wiki hii. Naomba uje uikague nami.

#27 Nahodha_Mstaafu

Wiki hii bamvua, saa nne itakuwa imekaa kwenye tope na utaona tumbo lote, jambo zuri. Tutalitazama likiwa kavu Jumamosi, tuligonge gonge tusikie kama faiba imeachana. Kulijaribu majini ni Jumamosi inayofuata, maji mafu, saa tatu asubuhi. Hiyo ya pili njoo na mke na watoto wote watatu, nataka nione linakaaje likiwa na uzito wenu halisi. Mwenye boti asikuambie atakuendesha peke yake.

#28 MamaPweza

Na turubai.

#29 KoroshoBahari

Turubai limo mama.